Kambale Bawili na Dikte Moja

Ninyi balimu bapya, juzi muliniita ku masomo, ku shule yenu, niwaambie namna tulikuwa tunafundisha batoto benye habasikii, na direkta wenu akanipa mikro. Ile mikro ilisema mingi kuliko miye. Nilirudi nyumbani na kasirani. Sasa nimekaa, miguu iko mu beseni ya maji ya moto, ninaandika mwenyewe, na hakuna mutu wa kunikata maneno. Basi musikilize.

Jina yangu ni Masika. Nilifundisha hapa Butembo mupaka magoti yakakataa kupanda kilima ya masomo. Batoto benye kusikia balikuwa bananiita Madamu. Benye habasikii balikuwa banaweka mukono ku kiuno na kutoa macho, na kila mutu alijua ni nani anakuja. Sikukasirika. Ndivyo nilikuwa nasimama.

Niwaeleze kwanza hii ya majina, juu bila hii hamutaelewa taabu yetu. Kwetu Banande, kijana wa pili wa mama ni Kambale, awe mufupi, awe murefu, azaliwe Butembo ao Kirumba. Kalasi inajaa bakambale. Ukisema "Kambale, funga dirisha," madirisha yote yanafungwa mara moja. Mwalimu mwenye kusikia anahangaika: Kambale wa Vuhovi, Kambale mweusi, Kambale wa mama muuza makala. Lakini batoto benye habasikii habana hii shida hata kidogo. Bao banakuangalia siku moja, banaona kitu moja ku mwili wako, banakupa alama, na hautachanganywa na mutu mwengine mupaka unakufa. Direkta wetu wa ile wakati, mutu wa heshima, tena mukubwa ku kanisa yake, alama yake ilikuwa kukwaruza tumbo. Kila mara aliniuliza: "Madamu, batoto bananiita namna gani?" Nilimujibu kwamba ni alama ya bakubwa. Alifurahi sana, akaanza kusalimia batoto nayo kila asubuhi ku bendera.

Miye sikufundishwa alama ku masomo yoyote. Hakukuwa mahali pa kuisomea. Alinifundisha fundi wa nguo, muzee moja ku soko, hasikii tangu utoto, alikuwa anashona mashati ya balimu. Nilienda kwake kupima robe, nguo ya kuvaa ku kanisa. Kesho yake nikarudi bila kitambaa, nikamuonyesha na mikono, vibaya sana, kwamba niko na mutoto mwenye hasikii mu kalasi, nifanye nini. Alinikalisha ku kiti ya bateja, akaanza. Shida ni kwamba hakuacha kushona. Alikuwa ananifundisha na sindano mu vidole na kinywa imejaa pini, na miye nikashika yote, hata ile haikuwa alama. Kisha ya miaka, nilikutana na batu bengine benye habasikii kule Beni, ku misa. Nikabaambia na mikono "Mungu ni mwema." Bakacheka mupaka moja akashika nguzo. Kumbe kila mwisho wa sentensi nilikuwa ninakata uzi na meno. Nilijaribu kuacha, haikuwezekana, na mupaka leo nikichoka ninaukata.

Na kabla sijasahau: hapana kuongea na ubao. Mutoto mwenye hasikii anasoma uso yako, na ukigeuka kuandika huku unaendelea kusema, umemufungia mulango. Hapana kusimama na dirisha nyuma yako, ataona kivuli tu. Wanaume, mupunguze sharubu. Hapana kupiga muguu chini kwa kumuita, juu kalasi nyingi za huku ni udongo, na udongo haibebi habari. Punga mukono. Ao tupa kipande ya chaki, lakini upime vizuri. Miye nilipiga katekista mu jicho siku alikuja kutusalimia, na hakurudi tena.

Sasa ninafika ku Kambale bawili.

Wa kwanza, alama yake ilikuwa kidole kinapita juu ya nyusi, juu alikuwa na kovu pale. Alianguka ku chukudu ya baba yake, ile baiskeli ya miti ya kubeba mizigo, akiwa mudogo. Nitamuita Kovu. Ni yeye hakuwa anasikia, tangu homa ya utoto. Alitoka Vuhovi, mutoto wa mulimaji, akili kali, hasira pia: ukikosea hesabu ku ubao anasimama, anakupokonya chaki, anasahihisha. Wa pili alikuwa anasikia vizuri sana, hata kifuniko ya sufuria ku nyumba ya jirani. Alama yake ilikuwa shavu juu ya kiganja: Usingizi. Alikuwa analala ku kifaransa, ku hesabu, ku dini, na wakati wa mapumziko alikuwa anapumzika. Balikuwa banakaa benchi moja. Kovu alikuwa anamuacha alale, na yeye hakuwa anamusumbua Kovu na maneno.

Balikuwa mwaka wa sita, mwaka wa mutihani ya mwisho ya primaire. Mu ile mutihani kuna dikte. Mutu anasoma kifaransa na sauti, batoto banaandika. Mwenye hasikii ataandika nini? Tulikuwa tumeomba ku Leta, ku serikali, tena na tena, batutambulie Kovu, juu mutoto akitambuliwa ana haki ya kuwa na mwalimu wa alama mbele yake siku ya mutihani. Haki ile iko, iliandikwa na batu basomi, na tulikuwa tunaingojea na hamu. Mwisho Leta ikatuma bageni kutoka Beni kuja kumuona.

Balichagua siku nilikuwa ku maziko Kirumba.

Direkta ndiye alinieleza. Mukubwa wa bale bageni alisimama ku mulango wa kalasi, akaita na sauti ya nguvu: "Kambale, ule mwenye hasikii, simama." Bakambale bote bakaangaliana. Kovu, sawa unavyowaza, aliendelea kuandika. Usingizi alikuwa amelala, ile sauti ikamushitua, akaruka juu na macho mekundu, hajui yuko wapi. Bakamuuliza jina. Hakujibu, bado alikuwa mu ndoto. Bakamuuliza tena, na nguvu. Akabaki kubaangalia. Mukubwa akatikisa kichwa, akasema: "Masikini. Ndiye huyu." Bakamuvalisha ku shingo kadi ya njano yenye kusema kwamba yeye ni kiziwi, bakamupiga picha, bakarudia Beni.

"Na wewe, Direkta, ulinyamaza?" nilimuuliza.

"Madamu, mukubwa alikuwa amekwisha kusema ndiye. Ulitaka nimuambie hapana mbele ya batoto?"

"Na Kovu balimuona?"

"Balimuona. Baliuliza juu ya nini hasimami kusalimia bageni. Nikasema ni tabia yake."

Sikulala vizuri ile siku. Kisha nikapanda gari ya Beni, ile njia munaijua, bariere za njiani, basoda na bunduki zao, na vumbi mupaka mu meno. Mu biro ya Leta nikakuta kijana moja mwenye tai, musafi, mwenye adabu. Alinisikiliza yote bila kunikata. Ni ile ilinitia tumaini.

"Donc, basi, Madamu, mutoto mwenye kadi anasikia?"

"Anasikia kuliko wewe."

"Na ule mwengine ndiye hasikii?"

"Ndiye."

"Hakuna shida. Aje hapa yeye mwenyewe, aseme na kinywa yake kwamba hasikii, tutasahihisha."

"Hasemi. Hajasikia neno tangu utoto, atasema namna gani?"

Kijana akashika kichwa. "Sasa sisi tutajua namna gani?"

Nikamuomba barudi kumuona. Akanieleza polepole, na huruma ya kweli, kwamba bageni bamekwisha kufika, na Leta haifiki mahali pamoja mara mbili mu mwaka moja, juu masomo mengine yatalalamika. Nilichoka. Nikamuambia asante na mikono bila kujua, nikakata uzi na meno. Aliniuliza kama ninaumwa jino.

Basi tuliishi ule mwaka na kiziwi wa Leta na kiziwi wa Mungu. Usingizi akapewa kiti ya mbele. Hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kumuuliza lisomo na sauti. Direkta aliamuru balimu bote bamusemeshe polepole na kufungua kinywa sana, na yeye mwenyewe alikuwa anafanya vile, hata wakati wa kumuambia afunge viatu. Mama yake alisikia ku soko kwamba mwana yake amekuwa kiziwi, akaacha mihogo yake, akapanda kilima na kilio. Alisimama nyuma ya mutoto, akasema na sauti ndogo sana: "Kambale, kuja ukule." Usingizi akageuka mara moja. Mama akapanguza macho, akarudi kuuzisha.

Kitu moja tu ilikuwa mubaya kwake. Kadi ilisema ni kiziwi, basi kisha ya masomo ilibidi abaki na Kovu ku lisomo yangu ya alama.

"Madamu, miye ninasikia," aliniambia siku ya kwanza.

"Ninajua. Kaa."

Alikaa. Na nikaona ajabu. Mu alama hauwezi kulala, juu ukifunga macho lisomo imekwisha. Mutoto aliyelala miaka yote akaanza kuamuka. Alishika haraka, akashika hata ile ya uzi na meno, na Kovu, ambaye hakuwa na mutu wa kusema naye isipokuwa miye, akawa na rafiki wa kugombana naye mupaka giza. Balikuwa banatukanana na mikono kule uwanjani, matusi ambayo miye sikubafundisha.

Lakini Kovu hakuwa na kadi. Ku Leta alikuwa mutoto mwenye kusikia, tena mukaidi. Siku moja aliniuliza na mikono juu ya nini kadi iko ku mwenzake. Nikamujibu bakubwa balikosea. Akaniuliza barudi lini. Nikaanza kupanga vitabu yenye ilikuwa imekwisha kupangwa. Roho iliniuma sana, na sioni haya kuisema.

Kisha baba yake akateremuka kutoka Vuhovi. Mutu mupole, kofia mu mukono. Alikuwa amebeba jembe mupya, mupini mufupi wa kipimo ya mutoto.

"Madamu, miye sina ubaya," alisema. "Mutoto anapenda masomo, ninaona. Lakini shamba iko, na miye ninazeeka. Apite hii mutihani, aendelee, hata mupaka kwa bazungu. Asipopita, ninamuchukua, na musinifuate tena na maneno ya haki." Akaweka jembe ku kona ya kalasi yangu, chini ya karata ya Congo, ile ramani ya ukuta. "Litabaki hapa. Nitarudi siku ya matokeo nikamate moja kati ya hii mbili, jembe ao mutoto."

Kovu hakuhitaji alama kwa kuelewa lile jembe. Tangu siku ile alikuwa anaketi na kuligeuzia mugongo.

Siku ya mutihani tulipelekwa ku masomo nyingine, ng'ambo ya mutoni. Batoto banakalishwa kufuata majina, na kwa mara ya kwanza nikamushukuru yule aliyeanzisha hii mambo ya bakambale, juu Usingizi alikaa benchi ya mbele na Kovu nyuma yake. Nikapanga hivi: miye ni mwalimu wa alama wa Usingizi, kadi inaniruhusu. Nitasimama mbele ya Usingizi, nitafanya alama zangu, na mwenye macho nyuma yake atazikamata. Hakuna sheria nitavunja. Usingizi nilimuonya akae na uso ya mutu mwenye kuelewa.

Musimamizi alikuwa muzee wa koti nyeusi, mutu wa sala sana, hajui mutu hata moja kati yetu. Aliona kadi ya njano, akanisalimia na heshima, akaanza kusoma. Dikte ilikuwa juu ya mulimaji na ng'ombe yake. Nikafanya alama. Usingizi alikuwa ananitazama kama mutu ku misa, anaandika kidogo kidogo ile anasikia na masikio yake. Kovu nyuma alinyosha shingo, kalamu inakimbia. Ng'ombe ilitoka mu zizi vizuri. Ng'ombe ilifika mutoni. Pale musimamizi akanyamaza.

"Ule wa nyuma anaiba," alisema.

"Anaiba nini, Baba?"

"Alama. Zile alama ni za mwenye kadi. Huyu ana masikio yake, azitumikishe."

Nikamueleza. Nilimueleza yote, Beni, bageni, Kirumba, maziko. Alinisikiliza, akaniambia mu miaka yake ya kusimamia amesikia ujanja mingi lakini hii ni ya kwanza. Akaenda kwa Kovu, akamushika mabega, akamugeuza uso ku ukuta. "Sasa sikiliza," alimuambia.

Kovu alibaki mbele ya ule ukuta na kalamu mu mukono. Hakuelewa ametenda nini. Niliona mabega yake yanatetemeka, yeye ambaye sikumuona akilia hata siku alivunja kidole. Miye nilitaka kumurukia ule muzee. Lakini mwalimu akipigana mu mutihani, kalasi yote inafutwa. Nikashika kiuno changu na mikono yote mbili nisifanye kitu.

Ndipo Usingizi akasimama. Akavua kadi ku shingo, akaiweka juu ya benchi.

"Baba," alisema, "miye ninasikia. Ni huyu wa nyuma ndiye hasikii."

Musimamizi akaangusha karatasi ya dikte. Nafikiri ile sentensi ya pili haikumufikia kabisa.

"Sema tena, mwana yangu."

"Ninasikia. Tangu zamani."

Muzee akapiga magoti pale pale mu vumbi ya chaki. "Kiziwi amesema," alisema, na machozi yakateremuka. Bamama bauza mandazi kule inje bakakimbia ku dirisha, moja akaanzisha wimbo, Bakatolika na Baprotesta bakaimba pamoja, kitu haionekani kila siku. Direkta wetu, aliyekuja kutusindikiza, akaingia mbio, akaona, akalia yeye pia. Yeye alijua ukweli yote, na mupaka leo anaapa yalikuwa machozi ya kweli. Usingizi alikuwa anasema "Hapana, musikilize kwanza," na kila alivyosema, bao baliimba na nguvu zaidi, juu anasema.

Wakati balitulia, musimamizi akanishika mukono na furaha. "Madamu, Mungu amemaliza kazi yako hapa. Mutoto amepona, hahitaji alama tena. Toka inje, upumzike."

"Na ule wa ku ukuta?"

"Ule hakuwa mugonjwa."

Akanifungia mulango. Nilibaki ku dirisha katikati ya bamama ba mandazi, moja akanipa mandazi, nikaishika tu mu mukono. Nilikuwa ninaona lile jembe ku kona ya kalasi yangu.

Juu ya vurugu, musimamizi akaamua kuanza dikte upya kwa batoto bote, karatasi mupya. Kovu alikuwa amegeuka wakati benzake balisimama kuimba, na mu ile furaha hakuna mutu alikumbuka kumurudisha ku ukuta. Usingizi akaketi. Lakini hakuketi sawa bengine. Alikaa mugongo ku ubao, uso kwa Kovu. Akaweka kalamu chini. Akainua mikono.

Muzee akasoma sentensi ya kwanza, na Usingizi akaifanya yote, mulimaji, asubuhi, ng'ombe, zizi. Kovu akaandika. Musimamizi musaidizi, mwanamuke moja kijana, akasema: "Baba, huyu anafanya alama." Muzee akamuangalia Usingizi, mikono juu, uso umechoka, vidole vinapanda na kushuka. "Mumuache," alisema. "Anamushukuru Mungu." Na tangu pale alikuwa anamaliza sentensi, ananyamaza, anangojea mutoto amalize shukrani zake mbele ya kusoma nyingine. Haijatokea mu Butembo dikte ya polepole sawa ile. Ng'ombe ilivuka mutoni, ikala, ikarudi nyumbani, na sikuona kosa hata moja mu mikono yake.

Siku ya matokeo, baba wa Kovu alikuwa wa kwanza ku kiwanja. Nikamuambia mutoto amepita. Aliingia mu kalasi, akakamata jembe, akasimama nalo kidogo.

"Na ule mwenzake?" aliniuliza.

"Alianguka mutihani. Karatasi yake ya dikte ilikuwa nyeupe."

Aliweka kofia ku kichwa, akaenda kumutafuta mama wa Usingizi ku soko. Sijui balisemezana nini. Najua tu kwamba ile mwaka, kila mavuno, kulikuwa mufuko ya viazi ya Vuhovi ku mulango ya ule mama.

Kovu akaingia secondaire. Masomo ilipofunguliwa, miye nikarudi ku mwaka wa sita, na Usingizi akarudi pamoja na miye, benchi ile ile, peke yake. Nikamuendea mbele ya lisomo kuanza. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

"Ungeandika hata sentensi moja," nilimuambia. "Ulikuwa unasikia."

"Madamu," alinijibu, "mikono ilikuwa na kazi."

Kisha akalaza kichwa juu ya benchi. Batoto bengine baliningojea nimutupie chaki, sawa ninavyofanya kwa benye kulala. Nilifunga mulango polepole, na ile asubuhi nikafundisha na sauti ndogo.